Kumgawana Mama Zuhura

Mwanangu Tatu,

Nakuandikia magharibi haijaingia, kwa sababu hupo. Ni jioni yako ya mwisho katika nyumba hii, na wewe umekwenda hospitali kuwaaga wagonjwa. Umeniambia, "Mama, sichelewi," vilevile alivyokuwa akiniambia bibi yako, na kama yeye, umechelewa. Basi nimekaa uani na karatasi nilizochana kwenye daftari la mdogo wako, na maharage yapo motoni.

Ningeweza kukusubiri nikwambie kwa mdomo. Lakini nikianza habari za Esperansi sauti yangu hubadilika, na wewe husema, "Haya, Mama ameanza." Karatasi haina sauti.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya treni, baba yako ameshayasema, na kesho stesheni atayarudia yote. Mimi nina jambo moja. Juzi uliponiambia kwamba huko Tabora hutakaa hosteli ya chuo, utakaa kwa Esperansi, nilikwenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Ukanifuata jikoni ukaniuliza, "Mama, mpaka leo unamwonea wivu?" Nikakujibu, "Wivu wa nini, mtu mzima mimi?"

Nilikudanganya. Namwonea wivu mpaka leo. Na kwa kuwa unakwenda kulala chini ya paa lake, ni haki yako ujue wivu huo nimeutoa wapi.

Bibi yako, huyo unayeitwa jina lake, alikuwa Muha wa Kasulu aliyeolewa hapa Ujiji na mpakia mizigo wa bandarini. Kazi yake unaijua, mawese pale soko la Mwanga. Lakini mji huu haukumjua kwa mawese. Ulimjua kwa uji. Hospitalini kwetu mgonjwa huletewa chakula na ndugu zake, na asiye na ndugu mjini huwatazama wenzake wakila. Mimi nilikuwa mtoto mchanga wa miezi michache, nimelazwa kwa malaria, mama amekaa nami kitandani. Kitanda cha pili alikuwepo mwanamke wa vijiji vya huko kusini mwa ziwa. Waliomleta kwa boti walikuwa wamerudi na boti hiyohiyo. Mama akamega ugali wake nusu akampa. Sisi tuliporuhusiwa kwenda nyumbani, kesho yake mama akarudi na uji wa yule mwanamke. Alipopona huyo, kitanda kikapata mwingine asiye na mtu. Basi hakuacha tena. Hakuna aliyemwajiri wala kumlipa.

Alinisimulia mara moja tu jinsi ilivyoanza, na akamalizia, "Nilikuwa nimekubeba wewe mgongoni." Nafikiri alitaka nione fahari. Mimi nilisikia kitu kingine. Nilisikia kwamba homa yangu ndiyo iliyompeleka kwa watu, na tangu hapo hakunirudia mzima.

Utotoni niliamka nikamkuta ameshaondoka. Uji alikuwa ameukoroga kabla ya adhana ya alfajiri, akaufungia ndoo kwa khanga usipoe, akaenda nao kwa miguu. Akitoka wodini anapitia sokoni moja kwa moja. Akirudi jioni mikono inanukia mawese na dawa ya hospitali, na bado hajakaa vizuri utasikia vijana wa Kibirizi, kule zinakotia nanga boti, wanapiga hodi: "Mama Zuhura, kuna mtu ameshuka na boti, hali yake mbaya, hana mtu." Mama Zuhura anatafuta kandambili zake. Zuhura ni mimi. Jina lilikuwa langu, mwanangu. Kila aliyekuja kumchukua alinitaja mimi kwanza, kisha akamchukua.

Nilimlalamikia babu yako. Nikamwambia, "Baba, mama hatupendi sisi, anapenda wagonjwa." Alikuwa anakanda bega lake kwa mafuta, maana siku hiyo walipakua saruji. Akanitazama akasema, "Mwanangu, na mimi nimo kwenye foleni. Simama nyuma yangu."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Ndipo akaja Esperansi. Ilikuwa wakati ule Warundi wanavuka kwa wingi, mji umejaa watu wenye vifurushi vichwani. Mama yake alilazwa wodini akiwa amechoka kupita kiasi, na yule mtoto alikuwa analala sakafuni chini ya kitanda cha mama yake. Mama yake alipofariki, watu wa hospitali wakaulizana mtoto aende wapi, na bibi yako hakungoja wamalize kuulizana. Alirudi jioni hiyo ameshika ndoo tupu mkono mmoja na mkono mwingine amemshika msichana mwembamba, mdogo kwangu kidogo tu, amevaa sweta ya mtu mzima. Akasema, "Zuhura, sogea." Nikasogea kwenye mkeka wangu. Nikaendelea kusogea miaka yote.

Mkeka nilimsamehe, hata nusu ya shuka. Kilichonishinda ni lugha. Sisi watoto wa Ujiji tulikua na Kiswahili chetu, na mama alipojaribu kutusemesha Kiha tulimcheka, tukamwambia hicho cha porini. Akaacha. Sikujua kama alikuwa na njaa nacho. Yule mtoto akafika na Kirundi chake, na Kirundi na Kiha ni kama ndugu wa nyumba moja. Usiku wa kwanza Esperansi akalia, na mama akamwambia, "Humura, mwana wanje." Tulia, mwanangu. Yule akajibu kitu, mama akajibu kitu, na baada ya muda nikamsikia mama yangu anacheka. Kicheko chenyewe sikukijua. Kilitoka chini sana. Nilikuwa nimelala hatua moja kutoka kwake, na nilikuwa nje ya nyumba.

Toka siku hiyo waliongea wawili hao wakichambua mchele, wakichuja mawese, wakisukana nywele. Ningeweza kujifunza. Nakwambia hili kwa sababu linaniuma kuliko mengine: ningeweza kukaa karibu nikauliza, hili neno maana yake nini? Kiburi kikanikalisha mbali. Nikawa nawajibu kwa Kiswahili cha puani, kama mtoto wa mjini anayewahurumia.

Jumapili Esperansi alitaka kwenda kanisani. Mama, mwanamke wa Kiislamu na khanga yake kichwani, akamsindikiza mpaka mlango wa kanisa, akakaa nje kwenye ngazi mpaka ibada imalizike. Majirani walisema. Mimi nikamwambia, "Na mimi nisindikize madrasa." Akanijibu, "Wewe miguu unayo na njia unaijua. Huyu haijui bado." Lilikuwa jibu la haki kabisa. Majibu yake yote yalikuwa ya haki, ndiyo maana sikuwa na mahali pa kulia.

Usifikiri aliniacha kando kwa makusudi. Aliniita siku moja. Akasema, "Zuhura, leo twende wote wodini, uwe mkubwa." Nilijipaka mafuta miguuni, nikavaa gauni la Idi. Kule ndani kulikuwa na bibi mmoja mzee, macho yameingia ukungu, alinishika mkono nilipompa kikombe. Hakuniachia. Akaanza kuniita mwanangu, mwanangu, umekuja. Mwenzio niliogopa. Nikauvuta mkono, nikasema kwa sauti wodi nzima ikasikia, "Mimi si mwanao! Mama yangu yule pale!"

Mama alisikia. Alikuja akakaa mahali pangu, akampa yule bibi mkono wake, akaitika, "Abee, mama, nimekuja." Njiani hakunigombeza. Kesho yake akanambia, "Wewe baki upike." Akaenda na Esperansi.

Nikabaki nikipika na kungoja aniite mara ya pili. Nilingoja mpaka nikaolewa. Wewe ulipokuwa umeshazaliwa, siku moja tunakamua nguo pamoja, nikapata ujasiri nikamuuliza, "Mama, mbona hukunichukua tena wodini?" Akasimama na nguo mkononi, ameshangaa kweli. "Mimi nilijua hutaki. Si ungesema?"

Si ungesema. Maneno mawili, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya donge miaka yote hiyo nikidhani yeye ndiye anayelijua na kulipuuza. Siwezi kukufundisha namna ya kutokuwa na wivu, sijui. Ninachojua ni kwamba mtu unayempenda hasomi uso wako kama unavyofikiri. Ukimtaka, mwambie unamtaka. Atakataa au atakubali, lakini utakuwa umesema.

Esperansi akasoma, akawa muuguzi, akapangiwa Tabora, akaolewa huko. Nilifurahi alipoondoka na sikujificha sana. Nikadhani sasa nitampata mama. Nikampata nusu mwaka hivi, ndipo wewe ukaanza kutembea vizuri, na bibi yako akakuangalia miguu, akasema, "Huyu njia ataiweza." Mlipokuwa mnarudi na bajaji ya bure, maana wakati huo vijana wa bajaji hawakumtoza tena, nilikuwa nawaona mnashuka mkila karanga kutoka karatasi moja, mnacheka mambo ya wodini. Nikamwonea wivu yeye kwa sababu yako, na wewe kwa sababu yake. Wewe ulikuwa mtoto mdogo kabisa. Nisamehe zile siku nilizokuogesha kwa nguvu.

Alipougua yeye mwenyewe, moyo wake ulipochoka na miguu ikavimba, alilazwa wodi ileile. Nikasema moyoni, haya, sasa ni zamu yangu. Sasa nitamlisha mimi, hata mtu mmoja hatanipita. Niliamka alfajiri nikakoroga uji kwa mawele na karanga kama anavyoupenda, nikapanda bodaboda na ndoo yake ileile mapajani. Nikafika. Nesi akaniambia, "Da Zuhura, Mama ameshakunywa." Mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi alishamletea. Na kabla ya huyo, mke wa mlinzi. Na kitandani palikuwa na ndizi, mayai, maziwa, wodi nzima inakula kwa mgongo wa mama yangu. Kesho yake niliwahi zaidi, nikakuta kijana nisiyemjua anamfuta mdomo. Nikamuuliza, "Wewe nani?" Akasema, "Mimi nililala kitanda kile pale mwaka ule. Mama ndiye aliyenilisha."

Nikasimama na ndoo yangu. Nafikiri uso wangu siku hiyo ulisema kila kitu, kwa sababu bibi yako alinitazama sana, halafu akamwambia yule kijana apumzike. Akanyoosha mkono. "Lete wako."

"Mama, umeshashiba."

"Nimesema lete wako."

Akanywa. Kikombe kizima, polepole, tumbo limejaa, anapumua kati ya funda na funda. Nilitaka kumwambia inatosha na sikumwambia, Mungu anisamehe, nilitaka aumalize. Alipomaliza akanipa kikombe akaniuliza, "Zuhura, umefurahi sasa?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Haya." Akafumba macho. Midomoni alikuwa anatabasamu. Kumbe alijua. Sijui alijua toka lini, lakini siku hiyo alijua, na hakunisema.

Siku zile za mwisho Esperansi alikuja kutoka Tabora. Alijua kumgeuza bila kumuumiza, alijua kumpangia mito. Waliongea lugha yao, na mimi nilikuwa nakwenda kuchota maji yasiyohitajika. Mama alifariki mchana, sote wawili tupo, mmoja kila upande. Mkono mmoja kila mtu. Hata hapo nilitazama kama mkono wake umeshikwa kwa nguvu kuliko wangu.

Msiba unaukumbuka, umati ulifika mpaka barabarani. Wavuvi, wapagazi, wakulima wa Kiha waliotembea, Warundi waliotoka makambini, wamama wa kanisani pamoja na wamama wa msikitini. Wote wanalia "mama, mama". Mwanaume mmoja alilia kwa sauti kuliko mimi nikamchukia. Na mwanamke mmoja, mgeni kabisa, alikaa karibu yangu kwenye mkeka, akajifuta macho, akaniuliza kwa upole, "Na wewe, dada, Marehemu alikusaidia wakati gani?"

Nikamwambia, "Alinizaa."

Akanikumbatia akasema pole, na akaendelea kunisimulia alivyosaidiwa yeye.

Sasa nikueleze la kuosha. Shangazi yangu Bi Mwanaidi ndiye aliyeongoza wanawake waliomwosha. Kabla hawajafunga mlango alinivuta pembeni. "Zuhura, Esperansi anaomba aingie. Hata asiguse, asimame tu ukutani. Wewe unasemaje?"

"Si Mwislamu."

"Hilo nalijua. Nimekuuliza wewe unasemaje."

"Abaki nje."

Dini ilinipa la kusema, lakini sikuwa nafikiria dini hata chembe. Nilikuwa nafikiria kwamba hatimaye kuna mlango ambao mimi naingia na yeye haingii. Nilimmwagia mama yangu maji nikijua kwamba yule amesimama nyuma ya dirisha. Nilisikia anavyovuta kamasi. Na nilipata kile nilichokuwa nakitaka toka utotoni, mama peke yangu, na alikuwa wa baridi.

Baada ya hitima tukawa tunasugua masufuria, mimi na yeye, kila mmoja na la kwake. Nilingoja anilaumu kwa lile dirisha. Badala yake akasema, "Dada, unajua mama hakuwahi kunifokea?"

"Ulikuwa mtoto mwema."

"Sikuwa mwema. Hukumbuki niliangusha dumu la mawese likamwagika lote, ukafokewa wewe kwa nini hukuniangalia?"

Nilikumbuka. Nilifokewa mpaka majirani wakatoka.

"Mimi alinifuta machozi akaniambia humura," akasema. "Miaka yote humura. Mgeni hafokewi, dada. Nilikuwa nalala pale mkekani naomba Mungu anifokee siku moja tu, kama anavyokufokea wewe."

Nikamwambia pole. Mdomoni nilikuwa na pole, na moyoni nilifurahi, Tatu. Niliingia ndani nikakaa kitandani nikiwa na furaha mbaya, kama mtu aliyekuta chungu cha mwenzake kina ufa. Utaniuliza kama wivu uliisha hapo. Haukuisha. Ila toka siku hiyo nikimfikiria simwoni mtu mzima anayeniibia. Namwona yule wa sweta kubwa, amelala macho wazi pembeni yangu, anasikiliza mama akinifokea, anatamani.

Meza ya mawese niliirithi mimi. Wodi umeirithi wewe, bila mtu kukugawia. Kwa hiyo sikushangaa ulipochagua uuguzi. Kilichonichoma ni kwamba ulimpigia simu yeye kabla hujaniambia mimi. Nilijiapiza hutakwenda kwake. Nilimwambia baba yako kuna hosteli, kuna binti wa Bi Mwanaidi ana nafasi, kuna kila kitu Tabora isipokuwa nyumba ya yule. Baba yako akanambia, "Mama Tatu, unataka mtoto alale vizuri au unataka ushinde?" 

Leo asubuhi, kabla ya kufungua meza, nikampigia Esperansi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mtoto anaondoka kesho."

"Najua, dada, chumba kipo tayari. Nimemnunulia na—"

"Nisikilize kwanza. Akichelewa kurudi, mfokee. Akikujibu vibaya, mfokee. Akiacha vyombo, mfokee majirani wasikie. Usije ukamwambia mwanangu humura."

 Sauti yake ikaja nzito kidogo. "Nimfokee kwa Kiswahili au kwa Kirundi?"

"Kwa chochote. Ila asikie."

Akacheka. Kutoka chini kabisa, kicheko kile cha mama yangu, mtu ambaye hakuchangia naye hata tone la damu. Mimi niliyetoka tumboni mwake sina kicheko hicho. Nilitaka kukata simu. Sikukata. Nilimsikiliza mpaka akamaliza.

Nenda basi, mwanangu. Nimekubali, na kukubali kwangu ni kwa meno yaliyokazana, lakini ni kukubali. Akikufundisha lugha yao, jifunze, usinione haya. Ukirudi likizo unifundishe na mimi, tena usinicheke.

Nasikia wanakuita "dada nesi" huko njiani, na bado hujaanza hata kusoma. Nimalizie.

Katika barua hii yote nimemwita kwa jina lake. Wewe huwezi, maana yeye ni mdogo wangu, na adabu yetu inasema umwite mama mdogo. Mwite. Najua pia ulimi ulivyo. Atakupikia, atakufokea, utaugua homa na atakesha nawe, na siku moja hilo neno "mdogo" litadondoka lenyewe na kubaki lile lingine. Sitakukataza. Lakini ukinipigia simu, hata kama amekaa hapo pembeni yako, kwa ajili yangu mimi, lirudishe.

Mama yako,
Zuhura